Fataki Ngumu

Msimu wa korosho, pale Chikongola,
fataki za bastola ziliadimika.
Fundi Nandonde akafungua kopo jingine,
fataki ndogo za bunduki,
akapima moja kwa ukucha:
"Kimo kile kile. Tundu lile lile."
Mimi nilishika taa. Sikuuliza.

Maganda sita ya shaba akayashindilia,
akampa Mchopa, mlinzi wa ghala,
na risiti juu.

Usiku wa nne kivuli kikapanda magunia.
Mchopa akavuta.
Ta.
Akavuta tena. Ta.
Kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba waliyohama wenyewe.
Kivuli kikasema, "Shemeji, ni mimi, Likwena,
mvua imenikuta njiani."

Asubuhi fundi akaigeuza risasi juani:
kitakoni kishimo,
kama shavu la mtoto anayecheka.
"Ya bunduki ngozi yake nene," akanung'unika,
"na kinyundo cha bastola mkono wake mwepesi.
Nimekosea. Nakurudishia hela."

Mchopa hakupokea.
Aliomba ile moja yenye kishimo.
Imo hadi leo kwenye kopo la chumvi,
jikoni kwa dada yake,
na Likwena, kila akila pale,
hulalamika mchuzi haujakolea.