Akiba ya Mshono

Mimi ni fundi wa sare za shule, Kiboriloni.
Kila suruali naiachia vidole viwili
kwenye mshono wa nyuma, penye kiuno:
mtoto hukua, na mzazi hana hela ya kununua mara mbili.

Kiuno changu sikukipima.

Ulikuwa mwaka wa kulala. Jogoo wa jirani
aliwawikia wengine.
Cherehani ikashika vumbi, mkanda ukalegea kwenye gurudumu,
na dada yangu Ndeshi alileta mtori, ukapoa,
akaupasha, ukapoa,
akaula mwenyewe huku analia, chumvi juu ya chumvi.
Watu wakasema: mvivu. Wakasema: kuna mkono wa mtu.
Daktari akasema: sonona,
neno nililodhani ni la kwenye tenzi tu,
akanipa kidonge, nusu kwanza, kisha kizima.

Sitakisema vibaya kidonge kile.
Wiki ya sita nilisikia harufu ya vitunguu
na nikataka kujua nani anapika.

Nikala. Ee, nikala!
Ndizi kwa nyama, maandazi, chai ya vijiko vinne;
aliyerudi kutoka kule hahesabiwi matonge.
Suruali ikakataa kifungo, nikakisogeza.
Ikakataa tena, nikakisogeza tena.
Mtaani wakanipongeza: umenenepa, umepona!

Kisha kile kimlima cha sokoni kikawa kirefu.
Nikaenda kliniki yangu, nikasema:
moyo unaniuma.
Wakanisikia kama tunavyosikiana sote
wenye lugha hii, ambamo moyo
huvunjika, hupondeka, hutulia, hupigwa konde,
hufanya kila kazi isipokuwa kusukuma damu.
Wakaandika: huzuni imerudi.
Nikaenda jengo la pili, ng'ambo ya nyasi.
Wakasoma jina la dawa ninayotumia, wakatazamana:
mzee, punguza mawazo.

Kati ya majengo hayo kuna hatua sabini na moja.
Nimezihesabu. Faili langu halikuwahi kuzitembea.

Wewe, Sista Aikande, ulikuwa mgeni kazini.
Hukuanza kwa kuniuliza ninalalaje.
Ulisema, "Kunja shati," ukafunga kile kitambaa,
kikanibana kama mteja anayedai nguo ya Pasaka.
Mia na sabini kwa mia na tano.
Ukachukua tepu (tepu, jamani!) ukanizungusha,
nami nikasimama pale, kinyozi asiyejinyoa.
"Moyo upi unauma?" ukauliza.
Sikuwahi kuulizwa hivyo.
Nikaweka kiganja hapa, kushoto, penye mfuko wa kalamu.

Ukanieleza bila kunitisha:
sonona yenyewe huuchosha mshipa,
miezi ya kulala huuchosha, na dawa nyingine
humrudishia mtu hamu pamoja na kilo zake.
Ukauliza baba alikufaje. Alianguka shambani, Kirua,
kikapu cha kahawa mgongoni. Ukaandika na hilo.
"Na kidonge usikiache. Ukiacha,
nitakufuata Kiboriloni."
Halafu ukabeba faili, ukavuka nalo nyasi mwenyewe,
viatu vyeupe vikilowa umande.

Sasa alfajiri natembea hadi daraja la Rau na kurudi.
Si kila siku. Jumatatu hunishinda.
Chumvi Ndeshi ameificha; najua alikoificha.
Vidonge ni vitatu, vinakaa kwenye kopo la vifungo,
na asubuhi moja nusura nimeze kifungo cha kaptura.

Jana nilifumua suruali yangu ya kaki.
Ndani ya mshono nikakuta vidole viwili vya kitambaa,
rangi mbichi, jua halijakigusa.
Nilikiacha mimi, sikumbuki mwaka gani,
kama mtu anayemshonea mtoto wa mwenzake.
Nikaachia kidole kimoja.
Kimoja nikakibakiza.