Mafuta ya Taa, Novemba

Kamati ya miaka sabini imeniomba historia,
kurasa mbili, tarehe zilizonyooka,
nani alifungua, nani alihutubia.
Nimewaambia mchwa walilisoma daftari kabla yangu.
Wamekula mwaka wa hamsini na nne wote,
wakabakiza jalada na jina la Atilio Mgaya:
hayupo, hayupo, mgonjwa, hayupo.

Ninachojua ni hiki.
Bwana Piyadasa alikuja Mufindi kupika chai,
mtu wa Seiloni, mwembamba kama fito,
na sanamu yake ya Budha ndani ya sanduku la majani,
imezungushiwa karatasi ya risasi isipigwe na unyevu.
Kampuni ilimpa banda la zamani la kunyaushia.
Akaweka madawati kumi na moja.
Juu ya mlango akaandika kwa chokaa
SHULE YA WAVULANA YA KIBUDHA, IHALAWE,
na baba zetu wakaulizana, Budha ni kabila la wapi?

Padri alipita na pikipiki, akatazama, akapita.

Langoni palikuwa na debe la manati.
Unaingia, unatumbukiza yako.
Ijumaa unarudishiwa,
na macho yake yanakusindikiza hadi msituni.

Alfajiri tulikaa sakafuni, miguu tumeikunja,
dakika kumi za kutazama pumzi.
Halikuwa jambo gumu. Julai, Mufindi,
pumzi huonekana kwa macho:
ilitoka puani kwa Gaudensi
kama moshi wa kuni mbichi.
Wengine walilala. Hakumwamsha mtu.
King'ora cha kiwanda kilifanya kazi hiyo.

Mti wake mtakatifu aliupanda mara tatu,
mara tatu sakitu ikaubabua.
Ndipo Luhwago, mpishi, akamwonyesha mkuyu bondeni:
"Huu si ndugu yake?"
Akachuma jani, akalitazama kwenye mwanga,
akasema, "Binamu."
Akafunga uzi mweupe shinani.

Siku moja ubao wa jikoni ulikutwa na maandishi:

  Maharage Jumatatu, Jumanne yale yale,
  Jumatano nayo vitu, vya shambani vile vile,
  Nyama hailiwi kwetu, kuku wazeeka kule,
  Mwalimu, tupe mchuzi, tumechoka na mchele.

Mwandiko ulikuwa wangu. Sijakiri mpaka mstari huu.
Alisoma, akarekebisha koma moja,
akauacha ubao hivyo wiki nzima.

Mwaka wa sitini na tisa serikali ikachukua shule.
Jina likafutwa kwa chokaa ile ile.
Yeye akapanda lori la chai kuelekea Makambako,
hakuandika barua,
au aliandika, haikufika.
Sanamu? Wengine wanasema ipo Iringa mjini,
wengine kwamba Luhwago aliifukia ndani ya gunia la chumvi.
Sijui. Kamati inataka nijue.

Wanauliza pia: aliwabadili dini wangapi?
Hakuna, nadhani. Mimi ni Mlutheri,
Krismasi nachinja nguruwe, na mkono hautetemeki.
Hautetemeki sana.

Lakini lipo daftari moja mchwa hawakuligusa,
la matumizi.
Mvua za kwanza, kila mwaka,
kumbikumbi walifumka ardhini kwa maelfu,
na sisi, wanafunzi wa kutoua hata sisimizi,
tuliiba kandili za bwenini,
tukatega beseni la maji chini ya mwanga,
tukala hadi usiku wa manane,
mbawa zimetujaa nywele.
Asubuhi alizipitia kandili moja moja,
akaitikisa kila moja karibu na sikio.
Hakusema neno. Akapangusa bawa
kwenye kola ya Gaudensi, akaanza hesabu.

Juzi nimeipata safu yake, wino wa zambarau,
miaka kumi na minne mfululizo:

Novemba. Mafuta ya taa, nyongeza, nusu debe.
Sababu: mvua.