Mawe ya Ihumwa

Mawe mia tatu na kumi na mawili,
toka kalavati la Ihumwa
hadi pale lami inapopinda kuelekea mashamba ya zabibu.
Sijasahau idadi. Tulilipwa kwa jiwe.

Kila Mkubwa alipokuja, lori lilimtangulia siku mbili
na mifuko ya chokaa, ndoo sita, brashi za katani,
na Bwana Chisaka wa kata, kalamu sikioni,
akihesabu mawe kama ng'ombe wa mahari.
"Jiwe lisiloonekana usiku," alituambia,
"ni jiwe lenye maoni."

Tulicheka. Ndivyo ilivyoanza: tulicheka,
kisha tukachovya brashi.

Mimi sikumpenda wala sikumchukia.
Nilikuwa na deni la unga wa uwele dukani
na upepo wa Agosti unaokausha hata mate.
Ukiniuliza nani alimweka juu miaka ile yote
nitakuonyesha vidole hivi, jinsi chokaa ilivyovila,
nyufa hizi pembeni mwa kucha.
Wengine watakutajia bunduki.
Zilikuwapo, sikatai, nne nyuma ya kila gari.
Lakini bunduki haijui kushika brashi.

Nikipaka vizuri, haikuwa kwa ajili yake.
Ni kwamba Malogo, jiwe la pili, amepaka vizuri,
naye amepaka vizuri kwa kuwa namwona.
Miaka kumi na saba tulilindana hivyo,
kila mmoja askari wa mwenzake,
bila buti, bila mshahara wa askari.

Kisha wakamchukua Ndahani wa Sechelela.
Alikuwa kinyozini, kichwa kimenyolewa upande mmoja,
akatazama nje, mbingu nyeupe tangu Desemba,
akasema: "Hata mvua siku hizi inasubiri kibali."
Watu watano walicheka.
Mmoja wao alicheka huku akiyaweka maneno mfukoni.

Mama yake hakuwahi kuniuliza kosa lake ni nini.
Aliniuliza jambo moja tu, kila tulipokutana kisimani:
huko walikompeleka,
walimmalizia kichwa?

Machi, lori likaja tena.
Tulidhani Sechelela hatatokea. Alitokea.
Alipaka bila kuinua uso hadi jiwe la mia na tisini na nne,
akaweka brashi chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto,
akaketi juu ya jiwe lililofuata.
"Nimechoka," alisema.

Basi. Hakupiga kelele.
Bwana Chisaka alifungua daftari, akalifunga,
akalifungua tena. Kuchoka hakukuwa na safu yake mle ndani.

Ningependa kukuambia niliketi pale pale.
Sikuketi. Nilipaka mawe mengine mawili, vibaya,
brashi ikiruka ruka.
Halafu mgongo ukaketi wenyewe, nami nikaufuata.
Malogo alinitazama. Mara ya kwanza katika miaka kumi na saba
alinitazama usoni,
akamwaga ndoo yake mchangani.

Msafara ulipita saa kumi.
Nyeupe, nyeupe, nyeupe, nyeupe,
kisha kahawia tu, mawe kama Mungu alivyoyaacha.
Gari la katikati lilipunguza mwendo.
Kioo kilishuka upana wa vidole viwili.
Nilitegemea hasira. Niliona midomo ikichezacheza:
alikuwa akihesabu, kama sisi.

Redio ilimsifu miezi saba zaidi.
Mjini walishangaa alipoondoka usiku, bila viatu, wanasema.
Ihumwa hatukushangaa.
Ndahani hakurudi. Kinyozi bado anayo ile shuka,
na nywele zake zimekunjwa ndani.

Juma lililopita lori limekuja, la huyu mpya.
Safari hii ni rangi ya mafuta, ya manjano;
wanasema haitoki hata kwa mvua.
Bwana Chisaka ameshuka kwa fimbo, kalamu sikioni,
akaniuliza kama bado nakumbuka yalikuwa mangapi.

Nimemwambia nimesahau.