Magunia ya Tsiala

Kutaisi, saa kumi alfajiri, unga umemganda kwenye nyusi.
Gunia likiisha, Tsiala huandika juu yake, kwa mkaa,
neno moja la Kiingereza,
si yale ya sokoni, bali mazito, ya mahakimu,
analimung'unya kama kokwa mpaka ulimi uridhie.
Leo: neno la harufu ya udongo ulioonja mvua.
Jana: neno la kumtupa mtu dirishani.
Alicheka hadi mikate ikaungua.

Mia nne na kumi na mbili sasa.

Jumapili mjukuu anapiga simu kutoka Chikago,
anasema kitu kifupi, mbio mbio, mdomo wazi.
Tsiala anapekua magunia yote kichwani.
Rudia, mwanangu.
Mtoto anarudia, anaonyesha pengo.

Jino!

Hilo hakuliandika.
Mkaa uko wapi?