Nalipwa kwa Herufi

Nachonga majina ya wafu hapa Shipley,
nalipwa kwa herufi.
Akifa Ash napata ya chai.
Akifa Wainwright, mjenga mikokoteni, nalipa kodi ya nyumba.

Wageni husikia meli katika jina la mji huu,
wakauliza bahari iko wapi.
Hakuna. Ni kondoo.
Mtu alifyeka msitu, kondoo wakaingia,
jina likabaki baada ya msitu, baada ya kondoo.
Na Bradford, jirani yetu, ni kivuko kipana,
ila kijito chenyewe kimezikwa chini ya lami;
watu wanakivuka kila siku, viatu vikavu, hawana habari.

Mimi mwenyewe ni Baxter.
Tazama ndevu hizi: mwoka mikate wa kike.
Bibi mmoja, unga hadi viwikoni,
alioka mpaka kazi ikalimeza jina lake,
na wanaume wangapi tangu hapo
wamejiita kwa tanuri lake.
Lile alilobatizwa sijalikuta kwenye jiwe lolote.

Jumanne alikuja Hilary Walker, kapotea ndani ya koti la babake.
"Andika Clifford Walker. Basi.
Miaka thelathini na moja kwenye kiti cha magurudumu,
na jina lenyewe Mtembeaji!
Lilikuwa likimcheka hadi benki."

Nikaweka patasi chini.
Si mtembeaji, nikamwambia. Mkanyagaji.
Alisimama ndani ya hori la kitambaa cha sufu,
maji, udongo, mkojo wa juzi,
akakanyaga tangu alfajiri hadi nyuzi zishikane.
Hakwenda popote yule.
Alikuwa palepale.

Akanyamaza. Kisha akacheka, kamasi na machozi pamoja.
"Mablanketi," akasema.
"Kila Jumamosi alinitia kwenye bafu, nina miaka sita,
suruali nimekunja,
yeye kando, kitini, anahesabu:
kushoto, kulia, kushoto, usilale, kulia.
Maji yakawa meusi kama chai.
Alikuwa akiniita 'miguu yangu'."

Clifford ni kivuko kando ya jabali. Hilo sikumwambia,
siku ilikuwa imeshajaa.

Nimemchonga polepole, herufi kumi na nne.
Nikatoza kumi na tatu.
Ile R ya mwisho ni yangu:
mguu wake nimeurefusha kidogo.