Debe Tupu

Tartu, Februari. Mto Emajõgi umeganda,
pua yangu ndiyo inayotiririka.
Kioo chembamba kama unywele, sentimita sitini,
kilichovishwa koti la rangi ya chai kavu,
kinakunywa tone ambalo jicho haliwezi kulidai.
Nabonyeza. Volti elfu ishirini na tano
zaingia kwenye bafa bila kubisha hodi.

Sasa kila kilichomo kinakwenda
kwa kadiri ya chaji yake na umbo lake:
chumvi, makombo ya seli,
na virusi vya mafua, visivyojua
kwamba mbele kuna mlango na mwenye kuhesabu.

Dakika ya tatu, kimya. Ya nne, kimya.
Penye mwanga wa urujuanimno
mstari umelala kama barabara ya shamba chini ya theluji.
Ya tano na nusu: kilele.
Ya sita: kilele kingine,
hakikualikwa.

Heldur, kofia ya sufu hadi masikioni, akachungulia.
"Uchafu, Virve. Osha neli, rudia."
Nikaosha kwa magadi makali, kwa maji, kwa bafa mpya.
Nikarudia. Viwili vilevile, vimekaa
kama wakwe wasiosemezana.

Basi nikagawa sampuli,
nusu nikaipasha moto, nyuzi hamsini na sita, dakika kumi.
Kilele cha kwanza kikasinyaa.
Cha pili kikapanda, kikapanda,
nami nikajua kabla ya kukokotoa eneo:
haya ni maganda.
Kirusi kimetapika uzi wake,
limebaki gamba, limesimama wima, lakinga mwanga,
lahesabiwa pamoja na wazima.

Debe tupu haliachi kuvuma.
Miezi minane tumejaza namba daftarini:
tulihesabu nyumba,
wenyeji tukawadhania.

Heldur hakusema kitu. Alivua kofia,
akavuta daftari la kijani, akafungua ukurasa wa Juni,
akatafuta kalamu nyekundu.

Nami nikapiga chafya,
kiwikoni, mbali na mashine.
Ni hivyo hivyo, nadhani,
vilivyopanda basi nami kutoka Annelinn
vikakaa puani mwangu bila tiketi.
Huku hakuna kilele wala eneo.
Kichwa chagonga, koo lakwaruza,
wala sina shaka hata chembe
kwamba hivi vyangu vimejaa.