Dole la Singano

Alikuja Jumatatu, ndiyo kwanza nafungua,
Singano wa huku kwetu, tangu Pongwe namjua,
Dole limekuwa kitu, lawaka na kuungua,
Kisa mwiba wa juzi tu, mkonge ukapasua.

"Nipe vidonge viwili, uvimbe huu utoke,
Korona haikubali, kidole kipumzike,
Huu ni moto mkali, nimwagie, usiwake."
Nikasema, "Tafadhali, keti kwanza, usichoke.

Aliyewasha ni nani? Hakutoka mbali kule,
Jinale prostaglandini, huzaliwa palepale,
Mafuta ya ukutani mwa seli, hukatwa yale,
Akasimama langoni, akapiga yowe: 'Wale!'

Mishipa akafungua, damu ikaja kwa kasi,
Neva akazisumbua, hata shuka ikaghasi,
Askari wakatua, chembe nyeupe, upesi,
Maumivu ni hatua, ni ulinzi, si mkosi."

Akacheka kwa uchungu: "Jina gani hilo, bwana?"
Nikamjibu: "Wazungu walikosea kunena,
Tezi dume ndilo fungu wakampa, siyo shina,
Yumo kwako, yumo kwangu, hata kwa bibi na nina.

Usiku hukutetema?" "Nilitetema," kajibu,
"Joto la Tanga lavuma, nami baridi, ajabu!"
"Ubongoni kasimama, kapandisha taratibu
Kipimo cha homa nzima, wadudu wapate tabu.

Ila hapa pana fumbo, nililolala nawaza:
Mwenye kuliwasha jambo, siku ya tatu hupoza,
Huugeuza mtambo wa seli, zikapunguza:
'Askari, weka fimbo, nyumba msije unguza!'

Shangazi Mwanamkasi, kwake moto haukomi,
Magoti kama nanasi, kitambaa hakifumi,
Walinzi ndio waasi, wamuuma, hawahami,
Kwake dawa haikosi, humpelekea mimi.

Kidonge hakichagui, huzima hadi tumboni,
Huko huyo si adui, apaka chokaa ndani,
Asidi hairarui utando ulo kutani.
Shemboza hana uhai: alivimeza njaani.

Leo basi sikuuzi, nenda Bombo wapasue,
Usaha utoke wazi, na mwiba waufukue,
Siku tatu hizi, kazi nyapara aichukue,
Uvimbe una mjuzi, mwache kwanza aamue."

Wiki ikapita, kaja, dole labanduka ganda,
Akaniuliza hoja: "Yule bwana amekwenda?"
Nikasema, "Hakungoja, mapafu yakamponda."
Kovu dogo, tone moja, ndilo aliloliunda.